Mkeka Ulioganda Sakafuni

"Kaivunjeni," alisema fundi Jaribu kutoka nyuma ya nondo. "Ivunjeni yote, tangu mlangoni mpaka kibla. Mkikosa kitu, nleteeni saruji na maji niipige tena. Lakini mjue mmevunja sakafu nzuri kuliko zote Mtambile."

Inspekta Hija Jecha alimpenda mshukiwa mwenye hasira. Wezi wake wengi walikuwa wapole, wenye maneno ya asali na "naam bwana" kila pumzi. Asiye na hatia ndiye anayegombana na askari. Huo haukuwa ushahidi wa kumpelekea hakimu, naye alilijua hilo vyema, ila ulimtosha yeye kuanzia asubuhi yake kwa moyo mkunjufu.

Ilikuwa Jumamosi, stesheni ya polisi ya Chake Chake, mwaka 1959, karafuu za msimu zimeshaanuliwa. Jaribu alikuwa mahabusu tangu Alhamisi. Mzee Soud wa Mtambile alikuwa amesimama juu ya kizingiti cha duka pale sokoni, akampigia ukelele wa mwizi mpaka wanawake wakatoka majumbani, na watu wakamleta fundi kwa askari wamemkunja mikono. Baba yake Jaribu alitoka bara kuja kuchuma karafuu. Jaribu mwenyewe alizaliwa papo hapo Mtambile, kitovu chake kimezikwa huko, lakini mwaka ule vyama vya siasa vilikuwa vimewagawa watu hata mtu akichagua duka la kununulia sukari. "Mtoto wa mtu wa bara" ukawa ushahidi tosha kwa soko zima. Jumatatu angesimamishwa mbele ya hakimu.

"Nisimulie ulivyofanya kazi," alisema Hija.

"Nshasimulia."

"Kwa wenzangu. Mie hujanisimulia."

Jaribu alivuta pumzi. "Jumatatu tulitoa vyombo vyote nyumbani, mie na Mzee Soud. Kasha tulilibeba huku na huku, tukaliweka banda la uani. Nkamwaga saruji, nkarashia ile rangi nyekundu ya unga ingali mbichi, nkaipiga niru kwa mwiko iwe laini, nikirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Nkaifunika magunia, nkawaambia wayamwagie maji asubuhi na jioni. Alhamisi nkaenda kuyafunua. Rangi imekamata, safi. Nkatoka nkenda sokoni kunywa uji wangu. Uji sikuumaliza."

"Kasha lina kufuli?"

"Lina. Ufunguo anao mwenyewe kiunoni."

"Na mwiko wako wa kupigia niru uko wapi?"

Swali hili lilimkera fundi kuliko yote. "Mnao nyie! Mfuko wangu mzima, mwiko, timazi, kila kitu. Huyo hapo ndiye aliyenipokonya."

Konstebo Bakar, kijana mnene aliyekuwa amesimama mlangoni, aliitikia kwa kichwa. Mfuko ulikuwa stoo tangu Alhamisi, na ufunguo wa stoo alikuwa nao sajini. Hija alikwenda kuutazama mwenyewe. Mwiko wa chuma ulikuwa umeoshwa na kufutwa mafuta, kama fundi yeyote anayejiheshimu anavyouweka. Akaurudisha mahali pake, akamwambia Bakar awashe Landrova.

Nyumba ya Mzee Soud ilikuwa kando ya barabara, bati jipya juu, kuta zimepakwa chokaa. Mwenyewe alikuwa anawasubiri barazani na mtaimbo mkononi, kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono kichwani, mzee mrefu mwenye sauti ya kuamrisha wachumaji.

"Asalaam aleikum, Mzee Soud."

"Waaleikum salaam. Umechelewa, Inspekta. Kidogo nianze peke yangu."

"Ungenipunguzia kazi," alisema Hija, akavua viatu. "Nieleze kwanza hicho tunachokitafuta."

Mzee Soud alieleza kwa uchungu, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Mwanaasha alikuwa mtoto wa ndugu yake, yatima wa baba na mama. Marehemu mama yake alimwachia dhahabu: mkufu, jozi ya vikuku na vipuli, vyote ndani ya bweta dogo la mti, navyo ndivyo atakavyovivaa siku ya arusi yake. Mchumba alikuwa Mombasa, anafanya kazi bandarini, na arusi ilikuwa imekaribia. Alhamisi Mzee Soud alifungua kasha ili bweta lipelekwe kwa sonara aing'arishe dhahabu. Halimo.

"Watu watasema nini?" alisema. "Watasema Soud kala mali ya yatima. Mie! Nimesimamisha arusi. Simwozi mtoto mtupu. Na bweta limo humu ndani ya sakafu, nakuapia. Yule kalizika saruji ingali mbichi, aje alitoe siku atakayokuja kupiga nta na kusugua kwa makumbi, sie tuko uani hatumwoni."

"Kufuli limevunjwa?"

"Halikuvunjwa. Lakini yule ana mikono ya chuma."

"Mikono ya chuma huvunja kufuli, Mzee wangu. Kufungua bila ya kuvunja kunataka ufunguo."

Mzee Soud alishika kiuno chake, akauhisi ufunguo ungalipo.

Ukumbini mikeka ilikuwa ingali imetandikwa tangu jana. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, palisomwa hitima ya kuifungulia nyumba na kumrehemu mama yake Mwanaasha. Watu walikuwa wameshaalikwa, na Mzee Soud aliona aibu kuwaambia wasije. Pale mikeka ilipokoma, karibu na mlango, sakafu ilionekana nyekundu ya kuiva, laini, na Hija aliupitisha mguu juu yake kwa raha. Jaribu hakuwa amejisifu bure.

Bi Kazija, mkewe Mzee Soud, alitoka uani na sinia ya kahawa, ushungi umeshushwa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mama wa makamo, mwepesi wa mwendo. Nyuma yake alisimama Mwanaasha, macho mekundu kwa kulia.

"Karibuni kahawa," alisema Bi Kazija. "Lakini sakafu ya watu iwacheni. Mtaivunja nyumba nzima kwa kitu ambacho kishafika Tanga zamani."

Hija alipokea kikombe. Vidole vilivyomkabidhi vilikuwa na hina mbichi, nyekundu mpaka kwenye kucha. Akasema ahsante, akanywa.

Mzee Soud alikuwa ameshafika mlangoni. "Hapa! Tazama palivyo peusi. Rangi haikukaa sawa. Hapa ndipo alipopatibua."

Kweli palikuwa na baka jeusi, upana wa sinia. Hija aliinama, akapagonga kwa kidole, kisha kwa kitako cha kikombe. Sauti ilikuwa nzito, ile ile ya pengine pote. Alijua atakachokikuta, lakini alijua pia kwamba mzee huyu hatatulia mpaka aone kwa macho. "Vunja, Bakar. Kidogo tu."

Bakar akauchukua mtaimbo kwa mzee, akapiga. Pakatoka saruji, chini yake kokoto, chini yake mchanga. Bakar akachimba mpaka mkono ukazama. Hapakuwa na kitu.

"Ni gunia tu," alisema Hija. "Hapa magunia yalikunjwa mawili mawili, maji yakakaa zaidi. Sasa una shimo mlangoni, Mzee Soud. Tuondoe mikeka."

"Mikeka ya nini?" aliuliza Bi Kazija. "Jana wamekaa watu juu yake, mashehe na wanavyuoni, wangeona kama kuna shimo."

"Ndiyo maana nataka kuiondoa, Bi Kazija."

Bakar alikunja mkeka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Chini yake sakafu ilikuwa safi, inang'ara. Mkeka wa nne, uliokuwa pembeni upande wa kibla, uligoma. Bakar aliuvuta, akauvuta tena, ukabanduka kwa sauti ya kuchanika. Upande wake wa chini ulikuwa mwekundu, na nyuzi kadhaa za ukindu zimebaki zimeganda sakafuni.

Watu wote waliinama. Pale pembeni palikuwa na kiraka, si kikubwa kuliko ungo, na juu yake mkeka ulikuwa umejipiga chapa: kila mshono, kila ukili, mpaka lile ua la pembeni walilolisuka wanawake, limetoka wazi kwenye saruji.

"Allahu akbar!" Mzee Soud alipiga mguu chini. "Si nlisema? Si nlisema mie? Mwizi yule!"

"Vunja, Bakar," alisema Hija. "Taratibu."

Bweta lilikuwa limefungwa ndani ya kipande cha kanga. Mwanaasha alilipokea kwa mikono miwili, akalifungua. Mkufu ulikuwemo, vikuku vimo, vipuli vimo. Akakaa chini akalia, safari hii kwa furaha, na Mzee Soud akamshika kichwa akamwombea dua. Hija aliwaacha. Hakuwa na haraka, maana jambo lenyewe lilikuwa limeshamkalia sawa kichwani.

"Mzee Soud," alisema baadaye, "jana asubuhi uliiona sakafu hii?"

"Niliipita yote kwa miguu yangu kabla sijenda msikitini. Safi. Ila lile baka la mlangoni tu. Nikasema fundi mwizi, lakini kazi anaijua."

"Pembe hii uliipita?"

"Nimekwambia yote."

"Basi kiraka hiki hakikuwepo. Mikeka ilitandikwa saa ngapi?"

"Tulipokuwa msikitini. Tulirudi na wageni tukaikuta."

Hija alichuchumaa kando ya shimo, akaokota kipande cha kiraka, akakiweka kwenye kiganja cha mzee. "Itazame chapa hii. Saruji iliyomwagwa Jumatatu, mpaka Ijumaa ungeweza kuiwekea ng'ombe isiingie alama. Hii ilikuwa mbichi mkeka ulipotandikwa juu yake, na wageni wako wakaikalia. Kwa hiyo imezibwa jana, wakati wa sala ya Ijumaa. Jaribu wakati huo alikuwa wapi?"

Mzee Soud alitazama nje, upande wa Chake Chake.

"Alikuwa nyuma ya nondo zangu," alisema Hija. "Na mwiko wake alikuwa nao sajini. Ndiyo maana hapa pembezoni pa kiraka hapana alama ya chuma. Pana mawimbi ya vidole. Mtu huyu kasawazisha kwa kiganja, vile watu wanavyokandika ukuta wa udongo. Fundi mwashi hawezi kufanya hivyo hata akiwa usingizini."

Mzee Soud aligeuza kile kipande mkononi. Alikuwa mzee mkali lakini hakuwa mjinga, na kila alivyozidi kukitazama ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka. "Wakati wa Ijumaa wanaume wote wako msikitini."

"Wote."

"Wamebaki wanawake."

"Mwanaasha, jana mchana ulikuwa wapi?" aliuliza Hija.

"Kwa jirani, tunapika wali wa hitima," alisema Mwanaasha. "Tulikuwa wengi. Mama ndiye aliyebaki nyumbani kutandika." Akasita. Maneno yalikuwa yameshamtoka, na akamgeukia kwa hofu yule mama aliyemlea.

Bi Kazija alikuwa amesimama palepale na sinia yake.

"Bi Kazija," alisema Hija, kwa sauti ile ile aliyoipokelea kahawa, "hina hiyo ya arusi gani?"

"Hina?"

"Arusi imesimamishwa. Bibi arusi mwenyewe vidole vyake vitupu. Dhahabu imepotea, mumeo hali wala hanywi, nawe jana umekaa ukapaka hina. Mtu hujipamba siku kama hiyo? Au kulikuwa na wekundu mwengine kwenye kucha uliokataa kutoka kwa sabuni? Ile rangi ya unga ikiingia kwenye kucha haitoki. Na saruji inaunguza. Nilipopokea kikombe niliona ncha za vidole zimechubuka."

Mzee Soud alimwangalia mkewe mikono. Bila shaka alikuwa ameiona tangu jana, ila hakuitia akilini. Bi Kazija aliiweka sinia chini polepole, akakaa kando yake kwenye sakafu.

"Nlitaka isogee tu," alisema. "Arusi. Isogee mpaka mfunguo mosi, Ramadhani ikishakwisha. Mie sikujaaliwa mtoto. Huyu nlimpokea hajaota meno, nkamlea, leo anachukuliwa Mombasa, nani anipe maji nikiugua? Nkachukua ufunguo mwenyewe kalala. Nkasema bweta likikosekana arusi itasimama, kisha siku nyengine ntaliweka mahala wataliona. Nlilificha kwenye mchele, kule bandani. Jana wakasema askari wanakuja kupekua banda baada ya hitima, nkaogopa. Saruji ilikuwa imebaki kwenye kopo, na ile rangi kidogo. Sakafu ya pembeni pale ni nyembamba, mtaimbo uliingia, nkasema mikeka itafunika." Akajifuta uso kwa ushungi. "Mwizi sikusema mie. Kasema huyu."

"Na ulipomsikia anasema?"

Bi Kazija aliinamia sinia. "Nlinyamaza," alisema.

Mwanaasha alinyanyuka na bweta lake kifuani, akasimama baina ya mama yake na Inspekta. Maneno yalimtoka yamenyooka. "Dhahabu ni yangu. Nilimpa mama aniwekee. Hapana mwizi hapa, Inspekta, na mie sishitaki mtu. Jambo limekwisha."

Hija alimheshimu kwa hilo, tena sana. Akavaa kofia yake.

"Dhahabu ni yako, mwanangu, na ukitaka kuisamehe isamehe, nitaandika hivyo. Lakini Jaribu kalala chini stesheni tangu Alhamisi, na soko zima linamwita mwizi. Hilo si lako kulisamehe. Bi Kazija, chukua buibui lako. Utakwenda kumwambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Na wewe, Mzee Soud, panda."

Walifika Chake Chake alasiri. Bakar alifungua mlango wa mahabusu, na Bi Kazija akasimama mbele ya fundi, uso chini, akayasema yote tangu ufunguo mpaka kiraka, bila kujipunguzia. Hata kule kunyamaza kwake, mumewe alipopiga ukelele wa mwizi, alikusema. Jaribu alimsikiliza ameegemea ukuta. Alipomaliza, fundi alisema kitu kimoja tu: "Nshakusikia, mama." Bi Kazija akatoka nje, akakaa ndani ya Landrova akilia.

Mzee Soud alikohoa. "Haya, fundi. Mambo yamekwisha, alhamdulillahi. Inuka twende zetu."

Jaribu hakuinuka.

"Yakhe, mlango u wazi," alisema Bakar.

"Nnauona," alisema Jaribu. Akamgeukia Mzee Soud. "Alhamisi ulinitoa Mtambile mchana, watu wanaona. Leo unanitoa huku nyuma kimya kimya. Nikirudi hivi watasema kaachiwa. Hawatasema hakuiba. Na mie kazi yangu ni kuingia majumba ya watu, kasha lake liko pale, mkewe yuko uani. Nani Mtambile atakayenifungulia mlango?"

"Ntawaambia," alisema Mzee Soud.

"Utawaambia nani? Mmoja mmoja, barazani, ukinywa kahawa?" Jaribu alitikisa kichwa. "Ulisimama juu ya kizingiti cha duka. Utasimama papo hapo, soko limejaa, na mie niko kando yako. Soko la leo limeshavunjika. Basi nnalala. Ntatoka kesho."

Bakar alimtazama Inspekta, ufunguo mkononi. "Afande, nifunge au niwache wazi?"

"Umfungie nani?" alisema Hija. "Mpe chai. Gari itaondoka kesho soko likianza kujaa." Alisema hivyo huku akijua kwamba kesi yake alikuwa ameshaimaliza tangu Mtambile, na kwamba hii iliyobaki haikuwa yake tena.

Mzee Soud alisimama katikati ya chumba kile, mzee wa watu, mwenye mikarafuu yake, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema nimekosea. Akaangalia mlango. Akamwangalia Jaribu, akaona mtu ambaye kweli hatoki.

"Kesho ntasema," alisema.

"Utasemaje?"

"Ntasema... enyi watu wa Mtambile, Jaribu hakuiba. Mie ndiye niliyemsingizia."

Yalimtoka chinichini, kana kwamba anazungumza na kofia yake. Jaribu aliyasikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha upande.

"Alhamisi," alisema, "ulipiga sauti kubwa kuliko hiyo."

Mzee Soud akavua kofia, akavuta pumzi, akaanza upya.